Bunduki ya Mjerumani au bunduki ya mtumba? Soma kabla hujauza ng'ombe

Leo siongelei mpira wala siasa. Naongelea bunduki, na kabla hujafunga ukurasa ukaenda kuchati, soma kwanza mpaka katikati maana humo kuna hela za watu.

Ilianza hivi. Wiki iliyopita baba yangu mdogo, anayeishi Kirua Vunjo, alinipigia simu saa 2 usiku. Baba mdogo huwa hapigi, huwa anabipu. Kwa hiyo nikajua kuna jambo. Akawa anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha kwenye migomba, kwamba kuna kijana wa Himo kapata bunduki ya Mjerumani ndani ya handaki la zamani upande wa Kilema. Eti Wajerumani waliifukia siku walipokimbia Moshi mwaka 1916. Bei laki 8. Halafu kuna mzungu yuko Arusha anazikusanya, anatoa milioni 15 taslimu. Baba mdogo alishapata hadi mteja wa kununua mtamba wake ili apate hiyo laki 8. Kwangu alitaka kitu kimoja tu: "Wewe si ndiyo mambo yako hayo ya kompyuta, hebu niangalizie kama ni kweli."

Nikamwambia baba mdogo, mtamba usiuzwe kwanza. Nitumie picha.

Picha ikaja WhatsApp. Kwenye simu yangu kioo kimepasuka, sikuona kitu, ikabidi nije hapa kafe niifungue kwenye skrini kubwa. Jamaa wa kiti cha jirani alinitazama mara mbili akahama. Simlaumu.

Sasa tuanze na hilo jina, bunduki ya Mjerumani. Ukisikia mtu anasema hivyo unafikiria kitu kikali, chuma cha Ulaya, hakuna mfano. Ukweli ni kwamba askari wengi wa Mjerumani hapa kwetu vita ilipoanza Agosti 1914 walikuwa wamebeba mtumba. Nasema mtumba kama ule tunaochambua pale Memorial, nguo ambayo mwenyewe kaichoka huko kwao ndipo ikapandishwa meli.

Bunduki hiyo ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, iliyobuniwa na ndugu wawili, Paul na Wilhelm Mauser, wa mji wa Oberndorf. Kwa wakati wake ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa inakula risasi moja tu: unapiga, unavuta mkono wa kukoki, unatoa ganda, unaweka risasi nyingine kwa kidole, unafunga, unapiga tena. Risasi yenyewe ilikuwa nene, milimita 11, kama kidole cha mtoto. Jeshi la Ujerumani liliiacha likachukua nyingine mwaka 1888, kisha nyingine mwaka 1898, hiyo Mauser 98 ambayo ndiyo iliyokuja kuwa maarufu dunia nzima. Za 1871 zilizobaki stoo zikapelekwa makoloni. Askari wetu wa 1914 alikuwa anabeba bunduki iliyobuniwa zaidi ya miaka 40 nyuma.

Na ubaya wake haukuwa risasi moja moja tu. Ubaya mkubwa ulikuwa moshi. Bunduki zile zilitumia baruti nyeusi, ile ya zamani. Ukipiga, linatoka wingu jeupe mbele ya uso wako. Kwanza huoni uliyempiga. Pili, na hii ndiyo mbaya zaidi, yule uliyemkosa anaona wingu lilipotokea na anajua kichwa chako kiko wapi. Umelala kwenye majani umejificha vizuri, umejipaka na udongo, unapiga risasi moja tu na tayari umejitangaza. Wenzako wazungu wana baruti isiyo na moshi. Wewe ndiye unayeonekana.

Kumbuka na idadi. Mwaka 1914 jeshi la Mjerumani hapa lilikuwa na kompania 14, wazungu 260 na askari Waafrika 2,472. Mbali na hao kulikuwa na askari polisi zaidi ya 2,000, wale wa kulinda maboma, kukusanya kodi na kukaa njia za mipakani. Kompania chache tu ndizo zilikuwa na Mauser 98. Waliobaki walipewa za moshi.

(Kwa faida ya wanaosema bunduki zililetwa mlimani na Mjerumani: si kweli. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanapandisha bunduki huku Uchagani tangu wakati wa Mangi Rindi wa Moshi, na nyingi zilikuwa ndizo hizo zilizokataliwa na majeshi ya Ulaya. Mwanawe, Mangi Meli, Juni 1892 aliwapiga Wajerumani na afisa wao von Bülow akafa. Walirudi 1893 na nguvu kubwa zaidi, na Machi 1900 wakamnyonga pale Old Moshi. Hiyo ni makala yake peke yake, nitaiandika.)

Tuendelee. Novemba 1914 Waingereza wakaleta meli kibao Tanga, zimejaa wanajeshi kutoka India. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amejazana na watu wake huku Moshi akisubiri kuvamiwa kutokea upande wa Taveta. Reli ya Tanga ilishafika Moshi tangu 1911, basi akawapakia kwenye treni wakashuka. Mnajua kilichotokea, Waingereza walitimuliwa wakarudi melini wameacha vitu ufukweni. Hesabu ya vitu hivyo ndiyo inayonihusu leo: bunduki 455, bunduki za rasharasha 16, na risasi 600,000. Lettow mwenyewe aliandika kwamba vilitosha kuzipa silaha mpya kompania zaidi ya tatu. Yaani kwa siku chache tu baadhi ya askari wa Mjerumani wakaacha moshi wakashika silaha za kisasa. Za Mwingereza.

Aprili 1915 ikaja meli ya Kijerumani iliyojifanya ya Denmark, jina la uongo Kronborg, jina la kweli Rubens. Ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaitandika mpaka ikakaa chini. Waingereza wakaondoka wakijua wamemaliza kazi. Hawakumaliza. Watu walizama wakatoa mzigo: Mauser 98 takriban 1,800 na mamilioni ya risasi. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe ikauke, zifungwe upya. Hebu fikiria kazi hiyo, risasi moja moja.

Machi 1916 Jenerali Smuts akaja na jeshi kubwa kupitia Taveta. Ukipanda basi la Holili ukavuka, vile vilima viwili unavyoviona, Latema na Reata, vilipiganiwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Baada ya hapo Wajerumani waliiacha Moshi wakashuka na reli kuelekea kusini. Hawakurudi tena.

Walizunguka nchi nzima miaka miwili na zaidi, wakaingia Msumbiji wakawanyang'anya Wareno, wakatoka, wakaishia Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Tarehe 25 Novemba 1918 wakasalimisha silaha. Na hapa naomba usome taratibu. Zilikabidhiwa bunduki 1,071. Zote za Kiingereza na Kireno. Za Kijerumani hakuna hata moja kwenye hesabu hiyo. Katika bunduki za rasharasha 37, za Kijerumani zilikuwa 7 tu, 30 zilikuwa za Kiingereza.

Maana yake ni nini kwa baba mdogo? Maana yake ni kwamba ukiokota bunduki ya zamani ukaona alama za Kiingereza, bado inawezekana ilibebwa na askari wa Mjerumani. Na ukiona ya Kijerumani, haimaanishi ilitumiwa na Mjerumani siku zote. Alama inakwambia ilikotengenezwa. Haikwambii imepita mikononi mwa nani.

Kabla hujasema mtumba ni kwa ajili ya sisi Waafrika tu, tucheke kidogo na wenzetu. Vita ya pili ilipokwisha 1945 Ujerumani ilinyang'anywa silaha zote. Ikagawanywa, ukawekwa mpaka katikati ya nchi moja. Mpaka unataka askari, askari anataka bunduki, na viwanda vya silaha vimefungwa. Wakafanya nini? Upande wa mashariki polisi wa mpaka walianzishwa Desemba 1946, upande wa magharibi kikosi cha mpaka kikaanzishwa 1951 kikiwa na watu 10,000. Pande zote mbili mwanzoni wakapewa Mauser fupi ya vita, ile 98k, masalia yaleyale ya jeshi la Hitler lililoshindwa. Mjerumani huyu anamlinda Mjerumani yule, wote wamebeba bunduki ya aina moja iliyokwishashindwa vita. Na Waisraeli mwaka 1948 walinunua hizohizo 98k kutoka Chekoslovakia, Wayahudi wakapigania nchi yao na bunduki ya Wanazi. Bunduki haina aibu.

Sababu si ngumu. Bunduki ya kukoki kwa mkono ni mbao na chuma, vitu vichache, ukiifuta mafuta inakaa miaka 100. Vita zinatengeneza mamilioni kisha zinakwisha ghafla. Jeshi linataka mpya. Polisi, walinzi wa mpaka, askari wa wanyamapori, hao wana bajeti ndogo, wanapewa iliyobaki. Kinachoiua bunduki hasa si kutu. Ni risasi. Risasi zake zikiacha kutengenezwa, imebaki rungu. Ile ya milimita 11 ilikufa kwa njia hiyo.

Ya Mwingereza haikufa haraka, kwa sababu aliisambaza risasi yake aina moja, 303, kwenye makoloni yote kuanzia huku mpaka India. Askari wa KAR walikuwa nayo kati ya vita mbili, wakaenda nayo Ethiopia na Burma vita ya pili. Tukapata uhuru 1961. Januari 1964 jeshi likaasi, likavunjwa, Septemba 1 mwaka huohuo ikaanzishwa JWTZ, na baada ya muda silaha za Kichina zikaja, hizi ambazo polisi wetu wakitoa taarifa wanaziita SMG na SAR. 303 zikashuka daraja. Hata leo ukisoma taarifa za ujambazi au ujangili utakuta "bunduki aina ya Mark 4". Hiyo ndiyo familia yenyewe.

Sasa turudi kwenye picha.

Kitu cha kwanza nilichoona: mbao za ile bunduki zimeenda mpaka mwisho wa mtutu, mbele imekatika butu, kama pua ya nguruwe. Chini kuna magazini imechomoza mbele ya kidole cha kupigia, ile ya risasi 10. Mauser ya 1871 haina magazini kabisa. Mauser 98 magazini yake imejificha ndani ya mbao, kwa chini ni bapa, na mtutu umechomoza mbele. Hii ilikuwa Lee-Enfield ya Mwingereza, wala sihitaji kuwa mtaalamu, niliweka picha mbili kando kando tu.

Kitu cha pili: mbao zilikuwa nzima. Zinang'aa. Wewe unayeishi Kilimanjaro unajua udongo wetu, unajua mchwa. Fukia mpini wa jembe msimu mmoja tu wa masika uone. Mbao ya tangu 1916 ndani ya handaki lenye unyevu inang'aa?

Nikamwambia baba mdogo amwombe yule kijana picha nyingine, ya karibu, pale kwenye shingo ya bunduki nyuma ya mkono wa kukoki, upande wa kulia. Kijana akagoma. Akasema mali ya kale haipigwi picha sana, inapoteza nguvu. Eti nguvu! Baba mdogo akamwambia basi mtamba hauuzwi. Baada ya nusu saa picha ikaja.

Taji. Chini ya taji herufi G.R., yaani mfalme George. Chini yake ENFIELD. Na chini yake mwaka: 1917.

Wadau, Wajerumani waliondoka Moshi Machi 1916. Bunduki iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1917 walifukiaje Kilema mwaka 1916?

Nilimpigia baba mdogo palepale, dakika zangu za kafe zinakwisha, nikamsomea huo mwaka mara tatu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo si ya Mjerumani." Nikamwambia si ya Mjerumani, na hata ingekuwa yake, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, huwezi kukaa na bunduki ndani bila leseni kwa kisingizio kwamba ni ya kale. Angelizwa laki 8, na siku ya pili yule yule aliyemuuzia angeweza kwenda kumchoma polisi. Mzungu wa Arusha hakuna aliyewahi kumwona, hata kijana mwenyewe alipobanwa alisema anamjua kwa simu tu.

Lakini ilinibaki swali: kama si ya Mjerumani, ilitoka wapi? Jumamosi nilipanda Kirua. Baba mdogo akaniambia twende kwa mzee mmoja jirani, alikuwa mgambo zamani. Tukampelekea picha. Mzee akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akacheka.

"Hii ni 303. Tumelala nazo hizi."

Akatuhadithia. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, Jumuiya ikafa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Miaka hiyo sabuni hakuna, mafuta hakuna, sukari ya foleni. Watu wa huku wakawa wanapitisha kahawa usiku kwa njia za panya kwenda Taveta, wanarudi na sabuni na Kimbo. Yeye na wenzake waliwekwa kulinda njia hizo upande wa Holili. Walikuwa wanne kwa bunduki moja. Jioni wanahesabiwa risasi 5, asubuhi wanarudisha 5, ikipungua unaeleza. Ya kwao, anasema, ilikuwa Mark 4 na iliandikwa 1943. "Mimi nimezaliwa 1950. Bunduki ilikuwa kaka yangu."

Nikamuuliza kama aliwahi kuipiga. Akasema mara moja, juu, mtu akatupa gunia akakimbia. Walipolifungua wakakuta kahawa debe mbili, na asubuhi akatambua lile gunia. Lilikuwa la shemeji yake. Hakusema kwa mtu mpaka shemeji alipofariki. Alipomaliza kusimulia hakucheka, akaturudishia simu, akamwita mjukuu alete mbege.

Sisemi ile ya kwenye picha ndiyo ya kina mzee. Yao ilikuwa ya 1943, hii ni ya 1917. Lakini bunduki iliyofutwa mafuta vizuri hivyo haijatoka kwenye handaki la Wachagga. Imetoka kwenye nyumba ya mtu, au kwenye stoo ya mtu, na mwenye nayo anatafuta wa kumtwisha. Kama unayo ya babu imebaki darini, hata kama ni gobore, ongea na mwenyekiti wa kijiji au nenda kituoni wakati serikali ikitangaza muda wa kusalimisha bila kuulizwa maswali, imeshafanya hivyo zaidi ya mara moja.

Yule kijana wa Himo simu yake haipatikani tangu Jumapili. Mtamba upo, nimeuona, ameanza kunenepa. Na wadau wa Taveta mnaotembelea hapa, kama kuna mtu ameokota maganda ya risasi pale Latema au Salaita, angalieni unene wake: likiwa nene kama kidole cha mtoto ni la moshi, la Mauser ya 1871. Tupieni picha hapo chini kwenye maoni, ganda tupu tu. Ikiwa bado ina risasi usiiguse, mwite askari.

Baba mdogo kabipu tena asubuhi hii. Nimempigia. Anasema kuna mtu mwingine, huyu ni wa Mwika, ana darubini ya Mjerumani.